Nyota Iliyotulia Alfajiri

Mkoba ulipatikana ndani ya gari la kituo cha nyota, umesukumwa chini ya kiti cha nyuma. Ndani yake mlikuwa na simu, miwani, na mkate ulioliwa nusu. Koplo aliuweka juu ya meza kama mvuvi anayetua samaki wake wa kwanza.

"Afande, hapa kazi imekwisha," alisema. "Gari la dereva, mkoba ndani ya gari. Tumbane tu."

"Tumbane atuambie nini?"

"Alikompeleka."

Inspekta alimtazama dereva aliyekuwa kwenye kiti cha plastiki pale pembeni ya ofisi ya mapokezi, mtu mzima na mvi zake, analia bila hata kujificha uso. Hakupenda kumwona mzee wa umri wa baba yake akilia namna ile. Lakini kazini alishaona wauaji wakilia kuwashinda wafiwa, kwa hiyo huruma aliiweka kando kwanza.

Aliyepotea ni binti mmoja mtafiti, mdogo kuliko wote katika kituo hiki cha kutazamia nyota, na wote walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Jana jioni alitakiwa ashuke mjini na gari la kituo. Mjini hakufika. Usiku ukapita, asubuhi ikapita, na sasa mchana nao ulikuwa unakwisha. Inspekta alikuwa ameshika kesi za waliopotea kwa muda wa kutosha kujua kwamba kila saa inayokwenda inakwenda na kipande cha matumaini. Tangu avuke lango la kituo alikuwa na kitu ambacho chai ya moto haikukiondoa. Alikuwa anaogopa, basi. Hakuna jina zuri zaidi la kukipa kitu kile.

"Nieleze tena, mzee wangu," alisema. "Polepole."

"Nilimngoja pale kwenye ngazi, mama. Nikapiga honi. Halafu kwenye redio ya mkononi nikasikia, 'Usimngoje, keshapata lifti.' Nikaondoka zangu. Huo mkoba sikuuona, haki ya Mungu. Labda aliutanguliza garini mwenyewe, ukadondoka chini."

"Sauti ilikuwa ya nani?"

"Redio zenyewe zinakwaruza hivyo! Hata mke wangu angesema humo nisingemjua."

"Na hizo redio anazo nani?"

"Wote wa hapa juu wanazo."

"Muongo!" Sauti ilitoka mlangoni. Ni kaka yake Chiriku, aliyepanda mlima tangu alfajiri baada ya simu ya mdogo wake kuita mpaka ikachoka. Macho yalikuwa mekundu, shati limefungwa vifungo kombo. "Muongo mkubwa wewe! Mdogo wangu yuko wapi?"

Koplo alimdaka kiunoni kabla hajamfikia mzee.

"Kaka, sikiliza," Inspekta alisema. "Ukimpiga atakubali chochote ili uache. Nami nitamaliza mchana kufukuzana na uongo ulioutengeneza wewe. Unataka hivyo?"

Kaka mtu alitikisa kichwa. Akakaa chini palepale kizingitini, mikono kichwani. Inspekta alimruka kwa adabu, akatoka, Koplo nyuma yake.

"Sasa tunakwenda wapi, Afande?"

"Kwa waliokuwa kazini jana usiku."

"Si tumeshawahoji? Wote wanasema walikuwa wanatazama nyota."

"Basi na sisi tukazitazame."

Chumba cha kuongozea darubini kilikuwa chini kidogo ya kuba, kimejaa skrini na nyaya, madirisha yamepakwa rangi nyeusi. Nje jua bado liliwaka, lakini humo ndani watu waliishi kwa taa ndogo nyekundu. Mkuu wa kituo aliinuka haraka kuwapokea, mzee mwembamba, miwani imening'inia kwa kamba shingoni. Msaidizi wake hakuinuka. Huyu alikuwa mtu wa makamo, nadhifu, nywele amechana vizuri kuliko mtu aliyekesha, na mikononi ameshika kikombe cha chai iliyokwishapoa.

Mkuu alijibu kila alichoulizwa. Ndiyo, Chiriku aliaga. Hapana, hakuwa na ugomvi na mtu. Lakini kila baada ya jibu jicho lake lilikimbilia skrini ya katikati, likarudi kwa aibu, likakimbia tena. Inspekta aliliacha likimbie mara kadhaa, kisha akauliza.

"Pale kuna nini, Mzee?"

"Nisamehe. Kwa kweli nisamehe, Inspekta. Mtoto wa watu amepotea na mimi..." Alijifuta uso. "Ni ile nyota yetu. Jana usiku imefanya jambo ambalo haijawahi kulifanya."

"Nyota gani?"

Ukimuuliza mzee wa aina hii swali kama hilo, umemfungulia bomba. Alieleza kwamba ni nyota ya moto, moto hasa, jua letu mbele yake ni jiko la mkaa. Inajizungusha kwa kasi mpaka imevimba kiunoni, na ikizidisha kidogo tu itaanza kujirarua. Mwanga wake hupanda na kushuka, na kwa nini hasa, hakuna anayejua. Wapo wanaosema inatikisika ndani kwa ndani. Wapo wanaosema inajitupia mkanda wa gesi nje. Wengine husema hivi leo na vile kesho.

"Na humu ndani mnasemaje?"

Mkuu alicheka kidogo, akamwonyesha msaidizi wake kwa kidevu. "Humu ndani wanapigana hawa. Mwenzangu huyu mwaka jana alikuta mwanga unazama ghafla, mara moja, unarudi. Akatangaza. Alipata sifa mpaka ng'ambo. Chiriku yeye anamwambia, wewe, hiyo si nyota, hicho ni kitu cha hapahapa kituoni."

"Utani wa kazini tu," msaidizi alisema. "Chiriku hubishana na kila kitu. Akikosa mtu hubishana na birika."

Koplo alicheka. Inspekta alivuta kiti, akakaa mbele ya skrini.

Mstari wa mwanga ulianza upande wa kushoto, umenyooka vizuri. Halafu ukazama. Ukapanda, ukazama tena, na tena, fungu zima la mizamo iliyosongamana. Kisha ukanyooka. Kisha fungu jingine.

"Hapa ni saa ngapi?"

"Mwanzo wa usiku, giza lilipoingia tukaanza kupima."

"Na hii sehemu iliyonyooka?"

"Inatulia. Halafu inaanza tena. Tazama, mwanzoni inazama sana na inatulia kidogo. Usiku wa manane mizamo inakuwa midogo, na utulivu unarefuka. Uzuri ulioje!" Kidole cha mzee kilitembea kwenye kioo kwa mapenzi. "Mpaka huku mwisho."

"Huku mwisho inakuwaje?"

"Alfajiri ikatulia kabisa."

Inspekta aliufuata tena mstari kwa jicho, fungu hadi fungu. Miaka ya nyuma aliwahi kusimama juu ya kifusi cha ghorofa lililoanguka, yeye na askari wenzake wamenyamazishwa wote, wanasikiliza. Chini ya kifusi kulikuwa na mtu anagonga bomba. Aligonga kwa nguvu, akapumzika. Akagonga kwa nguvu ndogo zaidi, akapumzika zaidi. Mtu aliyechoka hugonga hivyo. Nyota inachoka?

"Mzee," alisema. "Mnaupimaje huu mwanga? Nielekeze kama unamwelekeza mjinga."

"Rahisi. Darubini inaukusanya mwanga wa nyota, inaupitisha kwenye tundu dogo, dogo kama la sindano. Nyuma ya tundu kuna kipimo. Nyota ikikaa katikati ya tundu, tunapata mwanga wake wote."

"Isipokaa katikati?"

"Sehemu ya mwanga inapotelea pembeni. Kipimo kinashuka."

"Kwa hiyo nyota ikififia, mstari unazama. Na darubini ikitikisika, mstari unazama vilevile."

"Kwa maneno, ndiyo. Lakini darubini yetu haitikisiki."

"Unajuaje?"

"Njoo uone mwenyewe." Mzee alishamsahau hata aliyepotea. Aliwatoa nje ya chumba, akawapandisha ngazi chache mpaka chini ya kuba, ambako darubini ilikuwa imelala chini ya turubai lake. Ilisimama juu ya nguzo ya zege nene kuliko shina la mti wowote, na pale nguzo ilipopenya sakafu kulikuwa na mwanya kuizunguka yote, kiasi cha kuingiza kidole. "Nguzo haigusi jengo popote. Imeshuka peke yake hadi kwenye mwamba. Hapo sakafuni unaweza kurukaruka, gari linaweza kugonga ukuta, darubini haina habari."

Koplo, ambaye hajawahi kukaribishwa kuruka akakataa, aliruka. Buti zake zilivuma kuba nzima. Mzee alitabasamu kwa fahari.

"Hata upepo?" Inspekta aliuliza.

"Jana hapakuwa na upepo."

"Ilikuwa hitilafu ya umeme," msaidizi alisema. Alikuwa amewafuata kimyakimya na kikombe chake. "Afande, tunapoteza muda. Rekodi ya jana haina maana yoyote, nilishasema ifutwe."

Mkuu aligeuka. "Na mimi nikakushangaa! Mwaka mzima unaitafuta mizamo hii. Jana inakuja usiku kucha, asubuhi unaniambia nifute?"

Msaidizi alikunywa ile chai baridi.

Inspekta alimtazama anavyoimeza. Mtu aliyepata alichokitafuta, halafu anataka kitupwe. Alijua sasa anachotaka kuuliza, na aliogopa kukiuliza, kwa sababu jibu lingekuwa na ule utulivu wa alfajiri ndani yake.

"Tuseme kuna kitu kimeitikisa darubini," alisema taratibu. "Si sakafu. Si jengo. Si upepo. Kinabaki nini?"

"Kinabaki nguzo yenyewe," Mkuu alisema. "Lakini nguzo..."

"Ndani ya nguzo mna nini?"

"Imejaa zege," msaidizi alisema.

"Mna chumba," Mkuu alisema.

Walisema kwa pamoja, neno juu ya neno. Kisha wakatazamana.

"Wewe umesahau?" Mkuu alimuuliza mwenzake, kwa upole kabisa, bado hajaona. "Kile cha zamani, tulikoweka chombo cha kuchambulia rangi za mwanga. Hakitumiki siku hizi. Mlango wake uko kule chini kabisa, wa chuma, na una mpira kuzunguka ili hewa ya nje isipenye, maana joto likibadilika..."

Mdomo ulibaki wazi. Inspekta aliona jambo likimwingia mzee wa watu polepole, na mzee akashika reli ya ngazi.

"Hewa isipenye," Inspekta alirudia.

"Mungu wangu," Mkuu alisema. "Mungu wangu, Mungu wangu."

"Nakwenda kumletea yule kaka maji," msaidizi alisema, na kumbe alishafika mlangoni. Koplo alikuwa amefika kabla yake. Utani ulikuwa umemtoka usoni wote.

"Tulia, bosi. Maji yapo."

Inspekta alimsogelea mpaka akasikia harufu ya sabuni yake. Yangekuwepo maswali mengi baadaye, ya nani na kwa nini na tangu lini. Sasa alikuwa na moja tu.

"Yuko hai?"

Msaidizi alitazama ndani ya kikombe.

"Sijui," alisema. "Alfajiri aliacha."

Koplo alitoa tusi ambalo halifai kuandikwa, akamgeuza yule mtu ukutani, na pingu zikalia. "Ulikuwa unamwona!" Koplo alipiga kelele. "Usiku kucha umekaa hapo unamwona kwenye skrini!"

"Nilitaka anyamaze kidogo tu, nifikirie," msaidizi aliuambia ukuta. "Alishuka mwenyewe. Alisema kuna feni ya zamani humo ikiwaka inaitikisa nguzo, ndiyo mizamo yangu yote. Alikuwa anakwenda kunionyesha. Nikafunga, nikamwambia dereva kwa redio asimngoje. Halafu kila nilipotaka kufungua ikawa vigumu zaidi."

Maneno ya mwisho Inspekta aliyasikia akiwa ameshafika ngazi ya katikati. Alikimbia kama ambavyo hakuwahi kukimbia tangu mafunzo ya uaskari, mkono mmoja umeshika tochi, mwingine ukutani. Alipopita mapokezi alipiga ukelele mmoja tu, "Njooni!", na kaka mtu na dereva wakainuka bila kuuliza. Mkuu alikuja nyuma akihema.

Chini kabisa palikuwa na stoo isiyo na dirisha. Nguzo ilishuka katikati yake, nene, nyeupe, na mbele ya upande wake mmoja yalipangwa makasha ya mbao hadi usawa wa kifua. Askari walikuwa wamekagua stoo hii asubuhi. Walimulika pembe zote, wakatoka. Nani akitafuta mtu anatazama ndani ya nguzo? Sakafuni, vumbi lilikuwa na mikwaruzo mipya pale makasha yalipoburutwa.

"Sukumeni!"

Kaka mtu alishika kasha upande mmoja, dereva upande wa pili, bega kwa bega, na kasha likaruka kama boksi tupu. La pili. La tatu lilimwangukia dereva mguuni na hata hakupiga yowe. Mlango ukatokea, mfupi, wa chuma, umepakwa rangi ya kijivu. Hapakuwa na kufuli. Palikuwa na makomeo mawili tu, kwa nje, ambayo mtoto mdogo angeyafungua.

Inspekta aligonga chuma kwa kitako cha tochi. Akabandika sikio.

Kimya.

Akagonga tena, kwa nguvu, mpaka mkono ukafa ganzi. Kimya. Kaka mtu alianza kusema "hapana, hapana, hapana" kwa sauti ya chini ambayo Inspekta hataki kuisikia tena maishani. Alivuta komeo la kwanza, akavuta la pili. Mlango uligoma, mpira umeng'ang'ania. Wanaume wawili wakaushika pamoja naye, wakavuta, na ukaachia kwa mfyonzo mrefu.

Hewa iliyotoka ilikuwa nzito, ya moto, ina jasho la mtu. Mwanga wa tochi uliingia na kukuta ngazi ya chuma inapanda ukutani mpaka juu, kwenye bamba nene ambalo darubini ilifungiwa upande wa pili. Bamba lilikuwa limejaa alama za kugongwa, zinang'aa. Tochi ikashuka. Chini ya ngazi alikuwa amekaa msichana, kichwa kimelala begani, midomo imepasuka, nondo imewekwa mapajani.

"Chiriku," kaka yake aliita.

Hakusogea.

"Chiriku, mdogo wangu. Wewe. Tangu lini wewe unanyamaza?" Akapiga magoti, akaanza kuingia, na Inspekta akamshika bega kumzuia, kwa sababu ameona kitu. Kidole kimoja juu ya nondo kilikuwa kinatafuta pa kushika.

Nondo iliinuka, taratibu, inatetemeka, mpaka ikawaelekea.

"Usinikaribie," Chiriku alisema. Haikuwa sauti, ulikuwa mkwaruzo. "Usinikaribie, nitakuua."

"Ni mimi. Ni kaka."

"Na nani mwingine?"

"Polisi, mwanangu," Inspekta alisema. "Yeye yuko juu, kafungwa pingu. Hashuki."

Macho ya msichana yalikwenda kwa uso huu na uso ule, yakikunjamana kwa mwanga, yanahakikisha. Ndipo nondo ikaanguka, na kaka yake akamtoa mle ndani amembeba kama alivyokuwa akimbeba angali mtoto, huku analia na kumkemea kwa pamoja. Dereva alivua koti akamfunika. Koplo kule juu alikuwa anaita gari la wagonjwa kwa redio, anapaza sauti kama aliye vitani. Inspekta aliegemea makasha. Hofu yote aliyoibeba tangu langoni ilikuwa inamtoka.

Walimnywesha maji kwa kifuniko cha chupa. Viganja vyake vilikuwa vimechunika, nyama iko wazi. Alipomaliza kunywa aligeuza kichwa, akamtafuta Mkuu aliyesimama mbali, karibu na ngazi, asiyethubutu kusogea.

"Profesa," alisema. "Mliniona?"

Mzee aliitikia kwa kichwa.

"Tulikuona."

"Nilijua mtaniona. Nilijua mnaipima usiku kucha. Nikasema nikigonga tu, mstari utazama, na Profesa atauona." Alimeza mate kwa taabu. "Mliona mizamo yote?"

"Yote, mwanangu."

Chiriku alimtazama, na machoni mwake hapakuwa na hasira, ni mshangao wa mtu asiyeelewa kabisa.

"Sasa mbona hamkuja?"

Profesa alikaa chini kwenye ngazi ya mwisho, miwani ikining'inia kifuani.